Eksileta ngumu, mkono unakufa ganzi: jua ugumu umekaa wapi kabla hujanunua waya

Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu, mkoani Kigoma, ina lami nzuri, lakini mlima wa Kalinzi haujali lami. Ukiwa na abiria mmoja na madumu mawili ya mawese, eksileta inabaki imevutwa muda mrefu bila kuachiwa, na ukifika juu kiganja cha kulia hakifungi vizuri. Hapo wengi huchagua moja kati ya mambo mawili: kununua waya mpya, au kumwambia fundi apunguze springi ya kabureta ili mkono uwe mwepesi. La kwanza mara nyingi ni hasara, kwa sababu waya haukuwa na kosa. La pili linaua watu.

Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 zina waya mmoja tu wa eksileta. Huo waya unavuta, haurudishi. Kinachorudisha moto (kasi ya injini) chini unapoachia mkono ni springi peke yake. Kwa hiyo springi ikikatwa au ikibadilishwa kwa nyingine laini, siku uchafu ukiingia kwenye waya hakuna nguvu ya kuushinda, na pikipiki inaendelea kwenda na wewe. Ugumu wowote utafutwe kwenye msuguano, springi iachwe kama ilivyotoka kiwandani.

Vifaa vya kazi hii: bisibisi ya nyota, spana namba 8 na 10, koleo, kitambaa safi, msasa laini namba 400, petroli kidogo kwenye kopo la bati, mafuta ya cherehani, na bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake. Kazi ya petroli ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na injini yenye moto.

Kipimo cha kwanza, kabla ya dalili yoyote

Zima injini. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Vuta eksileta mpaka mwisho, halafu iachie ghafla. Inatakiwa irudi yenyewe kwa haraka na utasikia inagonga inapofika mwisho. Rudia ukiwa umekata usukani wote kushoto, kisha katikati, kisha wote kulia. Ikirudi polepole au ikikwama hata kwenye upande mmoja tu, usiiwashe kwa safari mpaka umeshajua sababu.

Sasa tenganisha sehemu tatu: mkono (ule wa eksileta unaouzungusha), waya, kabureta. Fungua skrubu mbili za boksi la swichi upande wa kulia, chomoa kichwa cha waya kwenye kishikizo chake. Zungusha mkono peke yake; unatakiwa uzunguke kwa kidole kimoja bila kusuasua. Ukiwa mzito hivyo hivyo bila waya, waya hauna kosa. Kama mkono ni mwepesi, funga koki ya mafuta, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, minya springi na uchomoe waya. Ukiushika umesimama wima, uzi wa ndani unatakiwa uteleze wenyewe kwa uzito wake ndani ya ganda. Ukikataa, umempata mhusika. Na kama mkono na waya vyote ni vyepesi, tatizo limebaki kwenye kabureta.

Kipimo hiki kinachukua dakika kumi na tano, na kinaokoa pesa ya waya usiohitajika.

Dalili: ngumu muda wote, injini ikiwa baridi au moto

Sababu inayoongoza kwa mbali ni waya mkavu au mchafu. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, linaingia kwenye ncha ya juu ya ganda, pale raba yake ilipochanika. Mvua zikianza, maji yanafuata njia ileile, vumbi linakuwa tope, tope linakuwa kutu. Kuosha pikipiki kwa mashine ya presha na kuelekeza maji kwenye boksi la swichi kunafanya kazi hiyohiyo kwa siku moja.

Ukague waya kabla ya kuusafisha. Pitisha vidole kwenye sentimita 3 za mwisho, karibu na vichwa vyake, pande zote mbili. Ukihisi uzi hata mmoja umekatika na kuchomoza, usihangaike na mafuta, badilisha. Uzi uliochomoza hujikunja ndani ya ganda na kukwamisha eksileta ikiwa wazi. Pia angalia kama ganda lina mkunjo mkali, limeyeyuka kwa kugusa injini, au plastiki imepasuka hadi chuma kinaonekana.

Waya mzima unasafishwa hivi. Ukiwa umechomolewa pande zote mbili, uning'inize wima. Kata kipande cha mrija wa plastiki cha sentimita 4 hivi, kivike kwenye ncha ya juu ya ganda, kifunge kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Kwa bomba la sindano, sukuma petroli mililita 5 huku unavuta na kurudisha uzi wa ndani. Majimaji yatatoka chini meusi au mekundu. Rudia mpaka yatoke safi, kisha acha waya ukauke kwa saa moja. Halafu sukuma mafuta ya cherehani mililita 2 au 3 mpaka tone litokee chini. Futa ncha zote, ndipo urudishe.

Kama ndani ya ganda kuna bomba jeupe la plastiki, kama ilivyo kwa waya nyingi mpya, huo haupendi grisi. Matone machache ya mafuta mepesi yanautosha, na baadhi ya watengenezaji wanataka uachwe mkavu kabisa. Dawa za kupuliza za kuondoa kutu zinasafisha vizuri, ila hukauka zenyewe baada ya siku chache; ukizitumia, malizia na mafuta ya cherehani. Grisi nzito ndani ya waya ni kosa kwa waya wowote: inashika vumbi na kuligeuza kuwa msasa.

Sababu ya pili ni njia ambayo waya unapita. Hutokea sana baada ya kufunga kioo cha mbele, kishikio cha simu, au ngao ya miguu: fundi amebana waya kwa vifungo vya plastiki pamoja na nyaya za taa, au ameupitisha upande usio wake kwenye shingo ya usukani. Waya wa eksileta unapenda kona pana. Kila kona kali inaongeza msuguano, na kona mbili kali zinatosha kuchosha mkono hata kama waya ni mpya. Kata vifungo vyote vinavyobana, ulegeze, uufuatilie kwa mkono kutoka juu hadi kwenye kabureta. Funga tena kwa kulegea, waya uweze kuteleza ndani ya kifungo.

Ya tatu ni mkono wenyewe. Pikipiki iliyoanguka upande wa kulia mara nyingi huwa na bomba la usukani lililopinda kidogo tu, usiloliona kwa macho, au plastiki ya ndani ya mkono iliyopasuka. Vilevile gripu (raba ya kushikia) mpya iliyosukumwa sana hugusa uzito wa mwisho wa usukani au boksi la swichi, kila ukivuta inasugua. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 pande zote mbili. Gundi ya gripu nayo huvuja na kuingia chini ya plastiki. Chomoa mkono wote, sugua bomba la usukani kwa msasa mpaka kutu na vibonge viishe, futa kwa kitambaa chenye petroli, kausha, kisha paka grisi nyembamba sana, kiasi cha kung'arisha tu. Unaporudisha boksi la swichi, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, boksi linabana mkono na utadhani hujafanya kitu.

Kabureta hufuata, na si mara nyingi. Ndani kuna silinda ndogo, slaidi, inayopanda na kushuka. Chujio la hewa likichanika au likiondolewa, vumbi linapita na kukwaruza slaidi na ukuta wake. Safisha kwa petroli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitumie msasa wala waya wa chuma hapa. Ukipunguza unene wa slaidi umeiharibu. Kipini cha sindano inayoning'inia chini ya slaidi kiache kwenye mfuo wake uleule.

Kuna jambo moja la kurudisha slaidi ambalo limeshawaingiza watu mitaroni. Slaidi ina mfuo ubavuni, na ndani ya kabureta kuna pini inayoingia kwenye mfuo huo. Ukiirudisha imegeuka, haitashuka mpaka chini, na pikipiki ikiwaka tu itanguruma kwa moto mkubwa. Igeuze taratibu mpaka uisikie imekaa, funga kifuniko kwa mkono, kisha jaribu kuvuta na kuachia mara kumi injini ikiwa imezimwa. Usipoisikia slaidi ikigonga chini, fungua tena.

Kabureta nyingine hazina waya unaoingia juu. Waya unazungusha mkono mdogo wa chuma ubavuni. Hapo safisha ekseli ya huo mkono kwa nje na uweke tone moja la mafuta kila upande. Kifuniko cha juu cha aina hii kina raba nyembamba ndani, na petroli inaweza kuivimbisha. Huna sababu ya kukifungua. Pikipiki za injekta, zisizo na kabureta, pia ziache: skrubu ya kuzuia kipepeo (bamba linalofungua njia ya hewa) imepakwa rangi kiwandani ili isiguswe, na kuirekebisha ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusoma mfumo.

Dalili: ngumu asubuhi, ikifika saa nne inalainika

Uliza kwanza waya uliwekwa mafuta gani. Kigoma mawese hayakosekani, na kijiwe chochote kina mtu atakayekushauri utie mawese kwenye waya kwa kuwa ni mekundu na mazito. Usitie. Mawese huganda kwenye ubaridi wa kawaida kabisa, na anayelaza pikipiki nje Heru Juu au Manyovu ataikuta asubuhi imekaza kama imefungwa. Jua likipanda inalainika, na vumbi la mchana linanata vizuri zaidi. Mafuta ya alizeti hayagandi hivyo, lakini baada ya wiki kadhaa huwa gundi ya njano. Waya wa namna hii usafishwe kwa petroli mara mbili au tatu kama ilivyoelezwa juu. Kuongeza mafuta mazuri juu ya mabaya hakusaidii.

Kama hakuna mawese, basi ni grisi nzito ndani ya mkono. Ifute, weka nyembamba.

Dalili: inavutika vizuri ila hairudi, au inarudi nusu

Hii si dalili ya kusubiri jioni. Pikipiki isiendeshwe, hata kwa kurudi nyumbani.

Ikikutokea ukiwa barabarani: bana klachi kwanza, kata swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, na ushike breki zote mbili kwa utulivu. Injini itapiga kelele kwa sekunde moja au mbili, iache ipige. Kama pikipiki yako haina swichi hiyo, zima kwa ufunguo, lakini usiuzungushe kupita pa kuzimia, maana unaofuata ni ufungaji wa usukani.

Sababu, kwa mpangilio wa kawaida: uzi wa waya umekatika ndani na kujikunja, gripu imesogea na kusugua boksi la swichi, waya umebanwa kati ya tenki na fremu baada ya tenki kufunguliwa, slaidi imekwaruzika, springi imelegea au ilikatwa na aliyekutangulia. Linganisha springi na mpya ya modeli yako, ziweke sambamba mezani. Ikiwa fupi au imepinda, nunua nyingine ya modeli hiyo hiyo. Slaidi iliyokwaruzika mikwaruzo inayosikika kwa ukucha ni ya kubadilishwa, na mara nyingi kabureta yote. Mpelekee fundi wa kabureta.

Dalili: ukikata kona moto unapanda wenyewe

Waya ni mfupi, umepita vibaya, au umekazwa kupita kiasi. Washa injini kwenye silensa (iwake taratibu bila kuvuta eksileta), kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio haupaswi kubadilika hata kidogo. Ukipanda, rekebisha njia ya waya kwanza. Marekebisho ya nati yanafuata: legeza nati ya kufungia iliyo karibu na mkono, au juu ya kabureta, na upe mkono uhuru wa milimita 2 hadi 6, ukipima kwenye ukingo wa gripu kabla waya haujaanza kuvuta. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Uhuru ukizidi hapo, mkono unasafiri bure kabla ya injini kuitika, na kiwiko kinashuka chini kuliko inavyotakiwa. Hilo nalo linachosha.

Usukani wa kubadilisha, ule mrefu unaopendwa na vijana, unahitaji waya mrefu zaidi. Waya wa kiwandani hautoshi, hata ukionekana unafika.

Dalili: nyepesi imezimwa, ngumu ikiwaka

Mvuto wa hewa wa injini unaibana slaidi kwenye ukuta wake. Slaidi iliyochakaa inapepesuka, inabanwa kwa upande mmoja na kukataa kupanda laini, hasa pale mwanzo kabisa wa kuvuta. Hakuna mafuta yanayotibu uchakavu. Kabla ya kuhukumu kabureta, angalia kama ganda la waya limelala juu ya injini au ekzosi, kwani likipata joto plastiki ya ndani huvimba.

Dalili: eksileta ni nyepesi, lakini mkono bado unachoka

Hapa pikipiki imeshajitetea, sasa angalia mtetemo na namna unavyokaa.

Gripu ya zamani iliyokuwa ngumu na kung'aa inateleza, na mkono unaoteleza hukaza zaidi. Gripu mpya laini ni dawa rahisi kuliko zote. Uzito wa chuma kwenye ncha za usukani, ambao watu hufungua ili kufunga vioo vya upande au mapambo, upo pale kupunguza mtetemo, urudishe. Kaza boliti zinazoshika injini kwenye fremu, na upime mnyororo: kwa pikipiki nyingi ndogo unatakiwa ucheze milimita 20 hadi 30 katikati yake. Uliokazwa sana unapeleka mtetemo mpaka kwenye kiganja.

Kisha kaa kwenye kiti kama unavyokaa barabarani na unyooshe vidole juu ya mkono wa breki. Mstari kutoka kiwiko hadi vidole uwe mmoja. Kama kifundo cha mkono kinapinda kwenda juu ili kufikia breki, legeza kibano chake na ushushe mkono wa breki kidogo. Kwenye mlima mrefu, shika gripu kwa mshazari kama ushikavyo bisibisi kabla hujavuta. Eksileta ikifika wazi kifundo kitakuwa kimenyooka. Anayeshika akiwa amenyooka tangu mwanzo, akifika wazi kifundo chake kimepinda chini, na hapo ndipo mshipa wa fahamu unapobanwa. Mzigo uliofungwa nyuma sana unakulazimisha ujivute kwa mikono muda wote. Sogeza madumu mbele, yakae karibu na kiti.

Kuna vishikio vya plastiki vya kuegemeza kiganja, na kuna wanaofunga eksileta kwa mpira wa tyubu ili isirudi. Kishikio kinasaidia kwenye lami tupu ya Kidahwe kuelekea Kasulu, ila Mwanga, mjini Kigoma, au kwenye tope kinaweza kukuongezea moto bila kutaka ukiwa unashika breki. Mpira wa tyubu usifungwe popote.

Dalili: ganzi

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete hutokana na kugandamiza sehemu ya chini ya kiganja upande wa nje. Ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati hutokana na kifundo kukaa kimepinda. Zote mbili huisha ukipumzika dakika kadhaa, ukabadilisha mshiko na kurekebisha yaliyotajwa hapo juu.

Ganzi isiyoisha usiku mzima, inayokuamsha usingizini, vikombe kukuponyoka, nyama ya chini ya gumba kupungua, au vidole kuwa vyeupe kwa baridi, hizo si kazi ya fundi. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu upewe rufaa. Kwa wa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Mweleze daktari unaendesha saa ngapi kwa siku na ni vidole gani hasa vinavyokufa ganzi, kwa sababu vidole ndivyo vinavyomwonyesha ni mshipa upi.